Mayai ya Kware Chumbani kwa Domitila

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Nyantakara nikiwa na matope hadi magotini, na mzee wa kwanza kunipokea akaniuliza Bwana Mifugo mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi. Akachungulia nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anakuja, akanitazama tena, kisha akaenda kuniletea maji ya kunawa. Cheo chetu mdomoni mwa wananchi kilikuwa "bwana", na binti mfupi mwenye begi la dawa begani hakuenea vizuri ndani yake. Mpaka nastaafu nilikuwa Bwana Mifugo kwa wazee na Mama Mifugo kwa waliobaki. Niliitikia majina yote mawili.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Afisa Mifugo wa tarafa, mtu wa maneno machache na uso mzito. Alinipeleka moja kwa moja kwenye josho, lile birika refu la saruji ambamo ng'ombe hutumbukia upande mmoja na kutokea upande wa pili wakiwa wamelowa dawa ya kupe. Nilitakiwa kusimama na kutazama. Nikasimama kidogo, nikaenda kufunga lango, nikarudi, nikaenda kukoroga dawa iliyokwisha kukorogwa, nikamsukuma ndama ambaye hakuhitaji kusukumwa.

"Wewe binti," akasema, "una siafu miguuni?"

Sikuwa nao, lakini hakukosea sana. Nimezaliwa na haraka. Mama yangu alisema hata nikipika ugali nilikuwa nauinua mwiko kuonja kabla maji hayajachemka. Katika kazi ya mifugo haraka ina faida zake: nimetembea vilima vya Ngara ambavyo wenzangu walivitazama kwa mbali wakasema watakwenda kesho. Ina hasara pia, na habari ninayotaka kuwasimulia ninyi vijana inahusu ile hasara, ingawa katika habari hiyo mtu aliyekuwa hatarini si mimi.

Kutoka Nyantakara nilihamishiwa Bukiriro, nyumbani kabisa, ambako kila niliyemchanjia kuku alikuwa shangazi au mjomba na kila mmoja alitaka nianze kwake. Kazi kubwa huko ilikuwa kideri. Ndio ule ugonjwa unaopita kijijini na kuacha mabanda matupu. Chanjo yake ni tone moja tu kwenye jicho la kuku, rahisi kuliko kumtia mtoto dawa ya macho, ila lazima ikae baridi tangu stoo hadi kwenye jicho lenyewe. Daktari wa mifugo aliyekuwa mkuu wetu wakati huo alikuwa akifungua chupa zetu za barafu njiani, anatia kidole. Kikitoka bila kuganda anamwaga zote mbele za watu. "Chanjo ikipata joto ni maji ya kunawia," alisema. "Ukimpa mtu maji ya kunawia ukamwambia ni dawa, wewe ni mwizi." Nilimwogopa yule daktari kuliko nilivyomwogopa baba yangu, na kwa sababu yake nilijifunza kukimbia na chupa mgongoni.

Mwishoni wakaniweka Lusahunga. Mnaopafahamu mnajua pale si mahali pa mtu kutulia. Malori yanayokwenda Rusumo na yanayotoka yanapishana mchana kutwa, madereva wanashuka kunyoosha miguu, kina mama wanakimbilia madirisha na mabeseni ya mahindi na ndizi. Nilipapenda siku ya kwanza. Nikasema moyoni, hapa ndipo nitakapomalizia.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi tu kustaafu pale mradi mmoja uliokuwa ukizunguka wilaya zetu mbili, Ngara na Biharamulo, ulipotuletea habari ya kware. Mimi kware nilimjua tangu utoto, yule wa porini anayeruka ghafla miguuni pako wakati wa kuvuna maharage mpaka moyo unakupasuka. Huyu wa mradi alikuwa wa kufugwa. Anataga karibu kila siku, yai dogo lenye madoa meusi kama limemwagikiwa wino, na nyama yake inapendwa kwenye hoteli za barabarani. Ana kasoro moja tu. Hajui kulalia mayai. Anataga, anageuka, anaendelea na shughuli zake, yai analiacha likivingirika kama halimhusu. Ukitaka vifaranga unahitaji kuku mwenye huruma au mashine ya kutotolesha.

Mashine hiyo ililetwa Lusahunga kwa gari la mradi, sanduku la bati lenye ukubwa wa kabati la vyombo. Ndani kulikuwa na trei za kulaza mayai, kifaa cha kutoa joto, feni ndogo ya kulisambaza, bakuli la maji kwa ajili ya unyevu, na mlangoni kidirisha cha kioo ili mtu atazame bila kufungua. Aliyekuja nayo alikuwa Mratibu wa mradi, kijana wa kabila la Wasubi kutoka huku huku Biharamulo, aliyenizidi cheo nikamzidi umri. Kila tukikutana alinipa shikamoo kwanza, kisha amri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mashine ni moja na kata zinazoitaka ni nyingi. Mtaangua mara moja. Wakitoka vifaranga, inabaki hapa na mtunzaji wake atakuwa mtu wenu. Wasipotoka, naihamisha. Sitaki kulaumiwa."

Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemsimulia kwa urahisi zaidi.

Mtunzaji niliyempendekeza aliitwa Domitila. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa naye mgongoni, akakulia huku, akaolewa huku, akafiwa na mumewe huku. Alikuwa mmoja wa wale kina mama wa mabeseni, hodari wa kuliwahi lori kabla halijasimama, mpaka siku lori moja liliporudi nyuma bila yeye kuliona. Mguu ulipona vibaya. Alitembea kwa kuuburuta na hakuweza tena kukimbilia gari wala kuinama na jembe kwa muda mrefu.

Mgeni asiyejua huku kwetu anaweza kudhani hilo la jembe ni jambo dogo. Kina mama wa kikundi chao walikuwa wanalimiana kwa zamu: leo wote kwako, kesho wote kwangu, na deni la jembe hulipwa kwa jembe. Baada ya ajali walikwenda kumlimia Domitila mara ya kwanza kwa huruma. Walipokuja mara ya pili akasimama kwenye mpaka wa shamba akawazuia. Nilikuwepo.

"Mkinilimia tena na mimi sijawalimia," aliwaambia, "nitakuwa ombaomba kwenye shamba langu mwenyewe."

Wakarudi na majembe yao. Shamba likaota majani, na yeye akakaa akiyatazama. Aliposikia habari ya mashine, alikuja kwangu akiburuta ule mguu kutoka mwisho wa makazi hadi ofisini. Aliketi kabla sijamkaribisha.

"Mama, nimesikia hiyo mashine inataka mtu wa kukaa nayo."

"Inataka. Mayai yanageuzwa, maji yanaongezwa, joto linaangaliwa. Haitaki mtu wa kuzurura kama mimi."

"Basi niletee. Kukaa ndiyo kazi pekee niliyobakiza, na wewe unajua nimekaa kiasi gani."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la Bwana Salumu, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka pwani na bado alisali sala zake zote na kuvaa kanzu Ijumaa hata matope yakiwaje. Umeme wa duka na wa vyumba vya nyuma ulipita kwenye mita moja, na swichi kuu ilikuwa dukani. Hilo la swichi mlishike.

Tuliijaribu mashine siku nzima ikiwa tupu, mpaka kipimajoto kikaacha kupanda na kushuka. Ndipo tukapanga mayai, ncha nyembamba chini, ncha pana juu, kwa sababu kwenye ile pana ndiko kuna hewa ambayo kifaranga huivuta kabla hajavunja ganda. Nilipoinuka nilimwona Domitila akisukuma kipande cha mkaa chini ya mashine.

"Hicho cha nini?"

"Cha radi, mama. Kuku akilalia si tunamwekea? Radi ikipiga, mayai yanaviza."

Kwetu pia tuliweka mkaa kwenye viota. Wengine waliweka msumari. Nilisoma chuoni kwamba ni imani tu, lakini kwa kuwa mkaa haukugusa waya wowote nikauacha.

Kazi ya siku zile ilikuwa ndogo na ilinichosha kuliko kuogesha ng'ombe mia. Asubuhi, mchana na jioni unageuza trei ili kiumbe kilichomo kisigande upande mmoja wa ganda. Unatia maji. Unasoma joto. Halafu hakuna kingine. Mayai ya kuku ningeyamulika, yaani ningeweka tochi nyuma ya yai nione mishipa ya damu ikitambaa, lakini yai la kware na madoa yake linakuonyesha giza. Nilijaribu hata hivyo. Nilijaribu mara nyingi mpaka Domitila akaificha tochi, akasema betri zimeisha. Nilijua hazijaisha.

Yeye alikuwa ametulia. Alisuka mkeka, aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na kila aliyepita uani alimwambia apunguze kelele kuna watu wamelala. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajali kumwona hatazami barabara.

Majuma mawili yalipita hivyo. Ukifika hapo huigeuzi trei tena, kwa sababu kifaranga anajipanga kutoka. Unaongeza maji ili hewa iwe na unyevu mwingi, unafunga mlango, na haufunguliwi mpaka wametoka. Nilimweleza Domitila kwamba akifungua, mvuke unatoka, na ile ngozi laini ndani ya ganda inamkaukia kifaranga mwilini mpaka hawezi kujigeuza. Akaitikia. Asubuhi iliyofuata nikaenda Nyantakara kuchanja kuku, kidogo kwa sababu ya kazi, zaidi kwa sababu nilikuwa nimemchosha.

Alasiri mvua ikashuka, mvua ya radi, ile ya huku Kagera inayowafanya watu wazima waingie chini ya meza. Nilijikinga kwenye baraza la shule mpaka ikapungua, nikapanda bodaboda kurudi. Tulipoingia Lusahunga jua lilikuwa limetoka tena. Saluni ya jirani ilikuwa inapiga muziki, mashine ya kusaga inalia. Nilipiga hodi kwa Domitila nikamkuta amekaa sakafuni gizani, ameegemeza mgongo kwenye lile kabati, na mashine yenyewe imeviringishwa blanketi, vitenge viwili na koti la marehemu mumewe.

"Umeme umekatika tangu radi," akasema. "Nimewafunika. Nasubiri urudi."

"Umekatika wapi? Mbona saluni wana muziki?"

Akanitazama. Nikakimbilia mbele. Duka lilikuwa limefungwa kwa kufuli.

Sasa niseme jambo ambalo kila mtu wa huku analijua na ndiyo maana hakuna aliyelifikiria. Radi ikianza kunguruma, sisi tunazima swichi kuu. Hatuambiwi, hatujadiliani. Mkono unakwenda wenyewe kama unavyokwenda kujifunika mvua. Tumeona televisheni zikilipuka, tumeona mbuzi watano wamelala chini ya mti mmoja. Bwana Salumu aliposikia mngurumo wa kwanza alizima swichi. Mvua ilipopungua akaja mtu kumwambia kuna msiba Biharamulo, akafunga duka, akapanda gari. Na Domitila, kwa kuwa radi na kukatika kwa umeme ni ndugu, hakuona cha ajabu taa yake kutokuwaka. Wote wawili walifanya ambacho ningefanya mimi.

Nilimpigia Bwana Salumu simu. Alipoelewa, akasema narudi. Huku tukimngoja tukachemsha maji, tukayajaza kwenye chupa za soda, tukazipanga kuizunguka mashine chini ya blanketi. Nilipachika jicho kwenye kidirisha. Joto lilikuwa limeshuka sana, ingawa si kiasi nilichoogopa. Lile koti na vile vitenge vilikuwa vimefanya kazi. Bwana Salumu akatokea juu ya pikipiki, kanzu ya msibani imerukiwa matope hadi kifuani. Akafungua, akawasha, feni ikaanza kuunguruma, naye akabaki amesimama mlangoni mwa chumba bila kuingia.

"Mama Mifugo, ile radi ilipiga hapo ng'ambo ya barabara. Ningeacha?"

"Usingeacha, Bwana Salumu. Hakuna anayekulaumu."

"Domitila analaumu?"

"Silaumu," Domitila akajibu kutoka sakafuni. "Ila siku nyingine ukizima, piga kelele."

Yai likipoa namna hiyo likiwa karibu na kuanguliwa, mambo ni mawili. Ama kilichomo kimekufa, ama kimepunguza mwendo na kitachelewa. Kwa nje huwezi kujua lipi. Ipo njia ya kuelea: unalitia yai kwenye maji ya uvuguvugu, lenye uhai linatikisika kidogo. Lakini ni lazima ufungue mlango. Niliandaa beseni, nikapima maji kwa kiwiko, nikayamwaga. Nikayaandaa tena kesho yake, nikayamwaga tena. Nilikuwa naogopa, na nilimwogopea yeye. Mimi nilikuwa na pensheni mbele yangu hata kama kware wote wa Tanzania wangeoza. Yeye alikuwa na shamba lenye majani.

Siku iliyotarajiwa ikafika na mashine ikawa kimya. Mratibu alikuja mapema na gari la mradi, akanipa shikamoo, akachungulia kwenye kioo. Mayai yametulia tuli.

"Mama, siku si zimekwisha?"

Nikamweleza habari ya radi na swichi. Nikamweleza kuchelewa. Nikamweleza mvuke na ngozi inayokauka, na hata nikamchorea yai kwa kijiti uani, chumba cha hewa huku, kifaranga huku. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaweka mkono kwenye mpini wa mlango wa mashine.

"Nafungua kidogo tu. Napasua moja tuone kama kuna uhai. Ni haki yangu kujua ninachongojea."

Na kweli ilikuwa haki yake. Maelezo ya kitaalamu nilikuwa nimeyamaliza yote. Domitila akainuka kwenye mkeka, akauburuta mguu, akasimama kati yake na mashine.

"Bosi, naomba kuuliza. Kwenu Wasubi, mwanamke akiwa ndani anajifungua, wanaume wanaingia kutazama?"

Mratibu akacheka kidogo. "Hawaingii."

"Na akichelewa?"

"Wanangoja nje."

"Na mmoja wao akisema mpasueni nione kama mtoto ni mzima?"

Hakucheka tena. Alitoa mkono kwenye mpini. Nadhani nyumbani kwake kulikuwa na mama au mke aliyewahi kukaa chumba cha namna hiyo, kwa sababu alitoka akiinamisha kichwa kama mtu anayetoka kwa mzazi aliyetoka kujifungua. Bwana Salumu akamwekea kreti la soda barazani, akampa na soda moja juu yake. Alikaa pale hadi mchana akipokea simu za kata nyingine. Alipoondoka aliniita pembeni.

"Mimi nimemheshimu, mama. Lakini siwezi kuwaambia wenzangu nilizuiwa na mzazi. Kesho gari linakuja na kamba. Likute vifaranga, au lipakie mashine."

"Umesema kweli, baba."

Usiku ule nililala kwa Domitila, kama huko ni kulala. Asubuhi aliniona ninavyozunguka chumba, dirishani, mlangoni, kwenye kioo, dirishani. Akaniwekea ungo wa maharage mapajani.

"Chambua."

"Maharage haya yamekwisha kuchambuliwa."

"Yachambue tena."

Nilikuwa natupa kokoto ambayo haikuwepo niliposikia kitu. Nilidhani ni feni. Domitila aliacha kuimba. Kikaja tena, kama mtu anagusa kikombe kwa ukucha. Tukasogelea kioo kwa pamoja, vichwa vyetu vikagongana. Kwenye yai moja karibu na mlango kulikuwa na tundu dogo la ufa, na ndani ya tundu kitu cheupe kinaingia na kutoka. Ni ile ncha ngumu juu ya mdomo wa kifaranga, anayopewa kwa kazi hiyo moja tu na kuidondosha baada ya siku chache.

Mkono wangu ulikuwa kwenye mpini kabla sijaufikiria. Nilitaka kumsaidia yule mmoja tu, nimvunjie kidogo. Nimewafundisha wafugaji wasifanye hivyo maana unamtoa damu, lakini kufundisha ni mdomo na kusaidia ni mkono. Domitila alinirudishia ungo.

Likafuata la pili, la tatu, kisha trei nzima ikaanza kutikisika. Vifaranga walitoka wamelowa, wadogo kama ncha ya kidole gumba, wakianguka juu ya wenzao na kuinuka na kuanguka tena. Wakati huo huo tukasikia gari la mradi linaingia uani. Dereva alishuka na kamba begani, akapiga hodi, akasimama. Sauti za vifaranga zilikuwa zimejaa chumba. Akaivua kofia yake akachungulia kioo, akabaki hapo mpaka nikamwomba anipishe nipige simu.

Mratibu alipokea akiwa kwenye mkutano, alinong'ona. Niliisogeza simu karibu na mashine.

"Ni nini hicho?"

"Kware wako, baba."

"Wangapi?"

Nilimgeukia Domitila. Alikuwa analia bila kujifuta, pua na yote.

"Mwambie kwetu watoto hawahesabiwi," akasema.

Nilimwambia. Nikasikia anavuta pumzi. "Mwambie dereva arudi na kamba zake," akasema, akakata.

Siwadanganyi, hawakutoka wote. Zaidi ya nusu walitoka. Wengine walitoboa ganda wakaishia hapo, na wengine hawakuanza kabisa. Baadhi ya waliotoka walitufia kwenye bruda, lile boksi lenye taa la kulelea vifaranga, kabla hatujajua kwamba lazima utie kokoto kwenye chombo cha maji. Kifaranga wa kware anaweza kuzama kwenye kifuniko cha chupa. Mazao ya kwanza ndivyo yalivyo. Mashine ilibaki, na Domitila akabaki nayo.

Mimi nilistaafu msimu ule ule. Walinipa blanketi na seti ya vikombe, Afisa Mtendaji wa kata akasema maneno mazuri ambayo mengine yalinihusu. Nikarudi Bukiriro kwenye migomba yangu. Watu wanasema kustaafu ni kupumzika. Mimi nimepalilia migomba ambayo haikuwa na majani, nimehamisha banda la mbuzi mara mbili na kulirudisha lilipokuwa. Asubuhi nikisikia pikipiki najikuta nimeshavaa viatu. Ninyi mnaoanza kazi leo mna simu zenye majibu ya kila ugonjwa, na ninawaonea wivu, kwa sababu mimi nilitembea siku nzima kuuliza swali moja. Lakini mfugaji bado anataka uende ukae naye. Hilo sikulimudu vizuri katika miaka yangu yote, nawaambia kama nilivyo. Kuna watu waliolijua zaidi yangu, nami nilipata bahati ya kumpeleka mmoja wao mahali pake.

Majuzi nilifunga mayai ya kware wangu kwenye kikapu chenye majani makavu, nikapanda basi hadi Lusahunga nikiwa nimekipakata. Sikumpigia simu. Nilitaka kumshtukiza, na nilitaka mayai yangu yaingie mashineni siku hiyo hiyo nirudi na gari la jioni. Nilipofika nikapita kwanza shambani kwake. Kina mama walikuwa humo, wamejipanga na majembe wanalima, hawana huruma yoyote usoni. Mmoja akaniambia bila kuinuka kwamba leo ni zamu ya Domitila, na kwamba siku hizi analipa kwa vifaranga, na kifaranga wake ni sawa na jembe la mtu yeyote.

Uani kwake nilikuta watu wamekaa barazani na trei zao mapajani, wengine wametoka mbali, mmoja wao mwanamume mwenye suti. Nilimpita kila mmoja kwa salamu, nikafika mlangoni. Domitila alikuwa mezani ndani, analipokea yai moja moja, analitikisa kidogo sikioni, anaweka huku, anaweka kule. Aliinua macho akaniona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mayai, nina haraka kidogo, gari langu..."

"Karibu sana," akasema, na mkono wake ukaendelea na kazi. "Kaa pale nje, mama. Hawa wote wamekutangulia."

Nikatoka, nikatafuta nafasi kwenye benchi, nikakaa.